Unahama na kobe wako wa maji? Msafirishe bila maji

Niseme lile kubwa kwanza ili hata ukiishia hapa uwe umeshalipata: kobe wa maji anasafirishwa BILA maji. Najua wengi wanashtuka wakisikia hivi, maana mtu anasema si anaishi majini jamani, atakaaje nje masaa yote hayo. Ndiyo, anaishi majini, ila huyu sio samaki, hana matamvua, anavuta hewa kwa mapafu na ndio maana kila siku unamuona anapanda juu ya jiwe lake kuota jua. Kobe mkubwa mwenye afya anaweza kukaa nje ya maji siku nzima na asipate shida yoyote ilimradi hajapigwa na jua wala baridi. Ila ukimtumbukiza kwenye ndoo yenye maji nusu, gari likianza kuruka matuta na rasta za barabara ya Moshi, maji yanamrusha huku na huku, anagongwa ukutani, anapinduka chali, na akipinduka kwenye chombo kinachoteleza hana pa kushika, pua iko chini ya maji, anakunywa maji mpaka anakufa. Kobe anazama jamani, tena kwenye maji ya kina kidogo tu.

Na kuna shida nyingine ya maji ambayo watu hawaiwazi, yale maji ya kwenye ndoo yanachafuka haraka sana kwa sababu kobe akiogopa anajisaidia, kwahiyo baada ya nusu saa anaogelea kwenye mavi yake na anayanywa.

Kabla sijaenda kwenye boksi, angalia kwanza kobe wako ni wa aina gani. Wale wenye alama nyekundu pembeni ya kichwa asili yao ni Marekani, huko bonde la mto Mississippi, na ndio wamesambaa dunia nzima kama mnyama wa kufuga. Ila kuna wengine wana hawa kobe wetu wa kwenye mabwawa na mito ya hapa hapa, kaletewa na watoto au kaokota mvua iliponyesha. Huyu wa kwetu ni mnyamapori, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka uwe na kibali kumiliki au kusafirisha mnyamapori, kwahiyo usimpakie tu kwenye basi ukidhani ni sawa na kuku, nenda kaulize watu wa TAWA, yaani mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kwanza. Ukitaka kuvuka Namanga au Holili hapo ni zaidi, nchi mbili, karatasi za pande mbili, anza kufuatilia mapema kabla hata hujaweka tarehe ya kuhama. Ndege nayo hivyo hivyo, piga simu kwa shirika lenyewe uwaulize kama wanapokea wanyama hai na kwa masharti gani, usisubiri kubishana na watu wa mizigo pale uwanja wa ndege wa KIA.

Haya, tuje kwenye safari yenyewe.

Chakula kata siku moja kabla. Kobe mkubwa hata ukikata siku mbili hakuna shida, hawa viumbe mmeng'enyo wao ni wa taratibu na anaweza kukaa siku kadhaa bila kula bila kudhoofika. Tunakata kwa sababu mbili, kwanza asichafue boksi njiani, pili tumbo likijaa alafu gari likamtikisa na joto likabadilika anaweza kutapika. Kwahiyo ile huruma ya kusema ngoja nimpe dagaa wa mwisho wa safari, iache. Atakula akifika.

Sasa boksi. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo safari inapoharibika au kunyooka.

Tafuta kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, yale ya kuwekea nguo au vyakula yanayouzwa kila mahali sokoni, na ukiweza pata lile lisilopitisha mwanga, sio la kuangaza. Gizani kobe anatulia, kwenye kontena la kuangaza anaona kila kitu kinapita na anakwaruza ukuta safari nzima akitafuta pa kutokea mpaka kucha zinaumia. Ukubwa ni huu: aweze kujigeuza, basi. Kobe mwenye gamba la sentimita 15, boksi la sentimita 25 kwa 20 linamtosha kabisa. Watu wanapenda kumpa nafasi kubwa wakidhani ndio upendo, ila kwenye gari nafasi kubwa maana yake anateleza kila breki inapokanyagwa na anapata sehemu ya kupanda ukuta alafu anaanguka kwa mgongo. Boksi la karatasi gumu linafaa kwa safari fupi tu, likilowana chini linaachia, na huo utakuwa muda ambao uko stendi katikati ya watu.

Matundu yatoboe kwa msumari uliopashwa moto, uwe umeshika kwa koleo, na uyatoboe kobe akiwa hayupo ndani. Toboa kwenye mfuniko na pia pande za juu, maana mizigo ikiegemea mfuniko yale ya juu yanaziba. Alafu pitisha kidole kila tundu kwa ndani. Plastiki ikiyeyuka inaacha vimeno vidogo vya makali, ukivigusa unavisikia, na kichwa cha kobe, chenye macho yake, ndicho cha kwanza kinachogusa mfuniko akijiinua. Vikate kwa kiwembe au vikwangue na msasa mpaka kidole kipite bila kukwama.

Chini weka kitambaa, na hapa nina msimamo wangu: tisheti ya zamani ya pamba ni nzuri kuliko taulo. Taulo lililochakaa lina vile vinyuzi vya duara, ukucha wa kobe unanasa pale, anavuta, uzi unakaza, mwisho unakuta kidole kimevimba. Tisheti haina hayo. Ilowanishe kwa maji yake mwenyewe ya nyumbani, ikamue isiwe inadondosha, itandike chini mara mbili, alafu nyingine weka kwa juu kama shuka ajifiche chini yake. Unyevu unatosha, dimbwi halitakiwi. Usiweke mawe, wala jiwe lake la kuotea jua, wala midoli ya tankini, kitu chochote kigumu humo ndani gari likiruka kinamgonga.

Kobe mmoja boksi moja. Hata kama nyumbani wanalala wamepandiana kwa amani, kwenye boksi dogo lenye giza na mtikisiko wanaumana, na mkia na vidole ndivyo vinavyoondoka.

Kumbeba kutoka tankini, mshike kwa mikono miwili kwenye ubavu wa gamba, katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma, kiganja kikimbeba kwa chini. Atakwaruza, usishtuke ukamwachia. Na huyu anakuwa wa MWISHO kutoka kwenye nyumba, vitu vyote vikishapakiwa, sio unamweka kwenye boksi saa kumi na mbili asubuhi alafu kirikuu ya mizigo inakuja saa tano.

Joto. Kama maji ni adui wa kwanza wa safari, joto ndio la pili, na huenda ndio linaua wengi zaidi kwa sababu linaua kimya kimya. Kobe hajitengenezei joto mwilini, mwili wake unafuata joto la pale alipo, na akiwa tankini akisikia joto anazama chini, akisikia baridi anapanda kuota. Ndani ya boksi umemnyang'anya uchaguzi huo, kwahiyo wewe ndio unamchagulia. Nyuzijoto 22 mpaka 28 ni salama. Ikipita 35 uko kwenye hatari. Na gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani, nje ikiwa 27 tu ambayo kwetu ni siku ya kawaida, ndani inapita 40 kabla saa moja haijaisha. Kwahiyo ile ya "ngoja nishuke hapa Boma Ng'ombe ninunue nyama mara moja" ukamwacha garini, hapana. Mshushe na boksi lake au abaki mtu garini na vioo chini.

Sisi wa huku Arusha na Moshi tuna jambo letu la pekee. Arusha iko juu, kama mita 1400, Moshi iko chini karibu mita 800 na kitu, na kati yake ni kilomita 80 hivi. Unatoka Sakina mwezi wa saba asubuhi una koti na ukungu, unafika Majengo Moshi unatafuta kivuli. Kobe uliyemfunika vizuri Arusha ukimwacha vile vile mpaka Moshi anachemka. Kwahiyo ukipita KIA pale, fungua mfuniko kidogo, ingiza mkono, shika gamba. Mkono wako unatosha kukuambia, gamba likiwa la moto kuliko kiganja chako, punguza vitambaa, fungua dirisha, lowanisha tisheti kwa maji ya kawaida. Ukienda kinyume chake, unatoka Moshi kupanda Arusha kipindi cha baridi, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, yasiwe ya kuchemka, ifunge kwenye kitenge, iweke NJE ya boksi upande mmoja tu ili akisikia joto limezidi aweze kusogea upande wa pili. Wenye deli la kuwekea vinywaji wamepata kitu kizuri sana, unaingiza boksi la kobe ndani ya deli, mfuniko unauacha wazi kidogo hewa ipite, na joto la ndani halibadiliki ovyo iwe juani iwe kwenye ukungu. Barafu usiweke hata kidogo.

Usafiri wenyewe: gari binafsi ndio bora, boksi likae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, pale hapayumbi sana na jua halifiki. Ukiweka juu ya kiti funga mkanda. Usiweke kwenye buti na usiweke mbele ya feni ya kiyoyozi. Bajaji kwa mwendo wa mjini haina neno. Bodaboda mimi naona tuiache, ila kama ndio usafiri uliopo basi begi livae kifuani, sio mgongoni, na mwambie kaka aende taratibu, na asubuhi ya baridi ule upepo uzuie kwa koti.

Kwenye Coaster au basi kubwa, mweleze konda mapema kabla hujapanda, kwa heshima tu, "kaka nina boksi hapa lina mnyama mdogo, halitoi harufu, nitalipakata mwenyewe". Ukisema mapema wengi hawana shida, na kama hataki utajua ukiwa bado stendi. Kinachotakiwa ni kobe asiende kwenye buti. Kule chini kuna joto la barabara na la injini, kuna madumu na magunia ya viazi yanarushwa juu ya kila kitu, na hakuna atakayejua lipi lina roho. Pia andika kwa maka peni kubwa pande zote: MNYAMA HAI, USIGEUZE. Na kumtuma kama kifurushi apokelewe na ndugu Dar, mimi nasema hapana, labda kuna mtu unayemfahamu anayesafiri na atamshika mkononi mpaka mwisho.

Kama ni Dar, safari inapita kilomita 600 na inakula siku nzima, hapo panga kwa akili. Asubuhi basi likitoka huku jua linapiga upande wa kushoto na mchana wakati mnaimaliza Korogwe kwenda Segera na Chalinze limehamia kulia, na la mchana ndio kali, kwahiyo kata tiketi ya upande wa kushoto. Kipande cha Mwanga mpaka Same na Hedaru ni joto kavu, tisheti inakauka bila wewe kujua, beba chupa ya maji ya nyumbani kwake uwe unanyunyizia. Basi la usiku kwa kobe ni zuri zaidi maana hakuna jua, ila mabasi yenye kiyoyozi usiku yanakuwa friji, mfunike. Kabla hujaweka boksi sakafuni gusa sakafu kwanza kwa kiganja, kuna viti vya juu ya injini ambavyo chini ni moto kabisa, ukikuta hivyo mpakate.

Vitoto vyenye gamba chini ya sentimita 5 ni kesi nyingine. Mwili mdogo unakauka haraka, siku nzima bila maji haviwezi kama wakubwa. Vitambaa vyao viwe vimelowa zaidi, na kila masaa matatu hivi, gari likiwa LIMESIMAMA, unaviweka kwenye kibakuli chenye maji yasiyozidi kimo cha gamba kama dakika kumi na tano, unavitazama muda wote, alafu unavirudisha. Mkubwa kwenye safari ya Dar unaweza kumfanyia hivyo mara moja pale mnapokula, sio lazima.

Na kuhusu wewe kula njiani: kobe anabeba bakteria wa salmonela kwenye ngozi na kwenye kinyesi hata akiwa mzima kabisa, na Marekani mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni na kuugua. Kwahiyo kama umegusa boksi, usiguse chipsi wala chungwa kabla hujanawa kwa sabuni. Beba sabuni na chupa ya maji ya kunawia peke yake. Watoto chini ya miaka mitano, mama mjamzito na mzee mgonjwa wasikabidhiwe boksi wapakate.

Tanki la vioo sitalichelewesha. Litoe maji YOTE na mawe yote, lita 100 za maji ni kilo 100, hakuna kioo kinachobebwa na uzito huo bila kuachia kwenye maungio. Ukitoa maji kwa mpira usiuvute kwa mdomo, jaza mpira maji kwanza. Lishikwe na watu wawili kwa chini, lilale kwenye godoro, na usiligeuze kuwa sanduku la vyombo. Kitu cha thamani hapo sio yale maji ya zamani, ni sponji ya filta, ndimo wanamoishi bakteria wazuri wanaosafisha mkojo wa kobe. Usiisuuze kwa maji ya bomba, klorini itawaua. Iache na unyevu wake, iweke kwenye kopo lenye hewa, isifungwe kabisa na isizamishwe kwenye maji yaliyosimama siku nzima, maana wale nao wanahitaji hewa. Hii sponji ikifika hai, tanki jipya linakaa sawa haraka sana.

Ukifika, tanki linatangulia, kobe anasubiri kwenye boksi lake. Maji ya bomba yaache kwenye mabeseni wazi kama masaa 24 klorini iondoke, ndio maana kama unaweza tuma mtu akakinge jana yake. Kama haikuwezekana, kobe mkubwa akae kwenye beseni na kitambaa chenye unyevu usiku mmoja, hatadhurika. Siku ya kwanza jaza maji machache, ya kumfunika gamba na kidogo juu, na joto lake liwe karibu na la mwili wake kwa muda ule, usimtoe kwenye boksi la joto ukamtumbukiza kwenye maji ya kisima. Weka jiwe lake lile lile la zamani pale pembeni, washa taa, mwache. Usiite majirani kuja kumuona siku hiyo. Chakula mpe kesho yake, na asipokula siku mbili tatu usihangaike.

Kama ikatokea njiani umefungua boksi ukamkuta mdomo wazi, ana povu, anahema kwa nguvu au amelegea na gamba ni la moto, hilo ni joto limemzidi. Mpeleke kivulini, mweke kwenye kitambaa kilicholowa maji ya kawaida, mpunguze joto taratibu, maji ya baridi ya friji yanamshtua. Na kama ni baridi imempata utaona baadae, siku kadhaa baada ya kufika, anatoa mapovu puani, anafumba macho, anaogelea kajikunja upande mmoja kama ameshindwa kubalansi. Hiyo ni nimonia, haisubiri, mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie kabisa alisafiri lini na kwa hali gani.

Wapo wanaofikia kusema safari ni usumbufu bora nimwachie tu Ziwa Duluti au mto Themi nikaondoka na amani. Nawaomba sana, msifanye. Huyu mwenye alama nyekundu yuko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, Umoja wa Ulaya wamempiga marufuku tangu 2016, akiingia kwenye maji yetu anawapokonya kobe wetu chakula na sehemu za kuotea jua na anaweza kuwapa magonjwa. Kama kweli huwezi kwenda naye, tafuta mtu hapa mjini mwenye tanki na moyo wa kufuga, mpe na filta yake na taa yake na umwandikie kwenye karatasi anakula nini na mara ngapi, na anza kumtafuta mtu huyo mwezi mzima kabla, sio siku kirikuu iko nje inapiga honi.